Jinsi ya Kuandika Fumbo la Upelelezi Ambalo Msomaji Atalisadiki: Mwongozo Kamili

Miswada ya hadithi za upelelezi ninayoletewa kusoma huwa inaanza vizuri. Maiti inapatikana mapema, washukiwa wanajulikana, mazungumzo yanakwenda. Kisha tunafika sura ya mwisho. Mpelelezi anawakusanya watu sebuleni, anaeleza jinsi mambo yalivyotokea, na hapo hapo msomaji anaweka karatasi chini: "Aa, hapana. Hapo umenidanganya."

Mwandishi akiambiwa hivyo hukimbilia mojawapo ya dawa mbili. Mmoja anarudi kuongeza utaalamu, kurasa nne za sumu na kemia, mpaka hadithi inafanana na kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la vidonge. Mwingine anafuta kila kilicho cha ajabu, anabaki na kifo kinachoweza kutokea mtaa wowote, ambacho hakuna atakayekesha akikisoma. Dawa zote mbili hazifiki penye ugonjwa. Msomaji wa fumbo anadai ukweli mahali fulani na anausamehe mahali pengine, na kazi ya mwandishi ni kujua ni wapi.

Nimetumia mifano ya Uingereza kwa sababu huko ndiko aina hii ya hadithi ilikopigwa msasa kati ya miaka ya 1890 na 1930. Nitafichua majibu ya hadithi mbili za Sherlock Holmes, mpelelezi aliyetungwa na Arthur Conan Doyle. Kama hujazisoma, anza nazo kisha urudi hapa.

## Unachohitaji

- Daftari kubwa la kaunta na kalamu za rangi mbili.
- Karatasi pana ya kuchorea ramani ya nyumba.
- Simu yenye saa ya kupima sekunde.
- Hadithi mbili fupi za Arthur Conan Doyle, zote za mwaka 1892: "The Adventure of the Speckled Band" na "Silver Blaze". Kila moja unaimaliza kwa kikao kimoja.
- Vitu halisi vya hila yako. Kama muuaji anatumia ngazi, tafuta ngazi. Kama anatumia komeo, tafuta mlango wenye komeo.
- Msomaji mmoja mvumilivu ambaye hajasikia chochote kuhusu hadithi yako. Huyu mtunze, utamhitaji mwishoni, na ukishamsimulia jibu huna kazi naye tena.

Katika mwongozo wote nitafuata mfano mmoja niliotunga: Mzee Hamadi, mwenye duka la jumla mjini Tanga, anakutwa amekufa ndani ya stoo yake. Komeo limefungwa kwa ndani, na ngazi imelala ubavuni mwake.

## Hatua ya 1: Andika uhalifu wenyewe, ukurasa mmoja

Kabla ya sura ya kwanza, kabla hata ya kumpa mpelelezi jina, andika kilichotokea. Kiandike kutoka upande wa muuaji, kwa mpangilio wa saa, bila kuficha kitu.

Mfano: Rajabu, mpwa wa Mzee Hamadi, anaandika vitabu vya duka. Amekuwa akichota fedha na kuandika madeni ya wateja hewa. Mjomba amegundua. Siku ya Jumamosi, baada ya duka kufungwa, anamwita stoo na kumwonyesha daftari. Rajabu anampiga kwa jiwe la mizani, mara mbili. Anailaza ngazi pembeni, anatoka, anavuta komeo kutoka nje kwa mshipi wa kuvulia samaki, na kurudi nyumbani kula daku, maana ni mwezi wa Ramadhani.

Kwa nini kwanza: Mwandishi anayegundua muuaji njiani hulazimika kuyapinda yaliyotangulia ili yamkubali. Msomaji huona mahali palipopindwa, hata akishindwa kueleza ameona nini.

Tahadhari: Ukurasa ukizidi mmoja, hila yako ina viungo vingi mno, na kila kiungo ni mahali pa kukatikia.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumsimulia mtu uhalifu wote wakati chai inapoa, naye asiulize "yupi tena huyo?"

## Hatua ya 2: Tangaza sheria za nyumba

Hili ni fupi lakini kwetu lina uzito kuliko huko Uingereza. Wapo wasomaji wetu wengi wanaoamini kwamba jini anaweza kuua mtu, na hadithi nyingi tulizokulia zina majini ndani yake. Kama hujasema mapema hadithi yako iko upande gani, kila mlango uliofungwa kwa ndani tayari una jibu, na mpelelezi wako hana kazi.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilitatua jambo hili kwa namna ambayo bado ni funzo. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mzimu penyewe, na fikra za watu zinakwenda huko huko. Mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, anasimama upande wa pili tangu mwanzo: kilichofanyika kimefanywa na mkono wa mtu. Hofu ya mzimu inabaki ndani ya hadithi na inaipa joto, lakini msomaji anajua kabisa kwamba haitatolewa mwishoni kama jibu.

Waandishi wa London walikuwa na kiapo cha jambo hilo hilo. Klabu yao ya waandishi wa upelelezi, Detection Club, iliyoanzishwa mwaka 1930, iliwaapisha wanachama kwamba wapelelezi wao hawatategemea ufunuo wa mbinguni, mazingaombwe wala sadfa.

Fanya hivi: Ndani ya sura mbili za kwanza, mweke mtu mmoja atamke maelezo ya kishirikina, na mwingine anayeaminika ayakatae kwa sababu inayoonekana kwa macho. Mistari mitano inatosha.

## Hatua ya 3: Pima kila jambo mara mbili

Hii ndiyo hatua ambayo wengi hawaijui, kwa hiyo tukae hapa.

Chukua ule ukurasa mmoja. Kila tendo liandike kwenye mstari wake katika daftari, kisha chora safu mbili. Safu ya kwanza iulize: *linawezekana?* Yaani, katika dunia hii ya mawe na milango, linaweza kutokea? Safu ya pili iulize: *linasadikika?* Yaani, msomaji akilifikia ataendelea kusoma au atasimama?

Haya ni maswali mawili tofauti. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyatenganisha zamani sana alipoandika kuhusu ushairi na tamthilia: afadhali lisilowezekana linalosadikika kuliko linalowezekana lisilosadikika. Dorothy L. Sayers, ambaye mwenyewe aliandika riwaya za upelelezi, aliichukua kauli hiyo na kuijengea mhadhara mzima mjini Oxford mwaka 1935.

Sasa itazame "Speckled Band". Daktari Roylott anaishi na binti zake wa kambo katika nyumba ya kale huko Surrey. Wakiolewa, atapoteza sehemu kubwa ya mapato yaliyoachwa na mama yao. Anamuua mmoja, na miaka miwili baadaye anajaribu kumuua wa pili, kwa nyoka anayempitisha kwenye tundu la hewa la ukutani. Nyoka anateremka kwa kamba ya kengele hadi kitandani. Akipigiwa mluzi anarudi, na malipo yake ni kisahani cha maziwa.

Jaza safu ya kwanza. Nyoka hana masikio ya nje, na mluzi si kitu cha kumwita arudi. Maziwa si chakula chake. Kuteremka na kupanda kamba iliyoning'inia kama mtumishi apandaye ngazi ni jambo gumu kulikubali. Sumu inayomuua mtu mzima ndani ya sekunde 10, kama Holmes anavyosema, haifanani na sumu ya nyoka tunayoijua. Hata jina la nyoka huyo halimo katika orodha yoyote ya nyoka wa India. Mkulima yeyote wa Handeni angemsahihisha Doyle kabla ya chakula cha mchana.

Jaza safu ya pili. Baba wa kambo mwenye hasira anayehesabu fedha za mabinti: linasadikika, tunawajua watu wa aina hiyo. Kitanda kilichokazwa sakafuni kisisogezwe: linasadikika na linatisha. Tundu la hewa linalofunguka chumba cha pili badala ya nje, kamba ya kengele isiyoita kengele yoyote: msomaji anaviona vyote viwili kwa macho ya Holmes, na nywele zinamsimama. Mwaka 1927 Doyle mwenyewe alipoombwa kupanga hadithi zake bora, hii ndiyo aliyoiweka ya kwanza.

Mimi nakubaliana naye. Uongo wote wa hadithi ile umelundikwa juu ya mnyama. Watu wote ndani yake ni wa kweli, na mbao na kamba ni za kweli. Msomaji humsamehe mwandishi kuhusu nyoka. Hamsamehi kuhusu mama aliyesikia mwanawe akilia chumba cha pili akaendelea kulala.

Fanya hivi: Tia alama nyekundu kila mstari wa tabia ya mtu ambao safu yake ya pili ina shaka. Hiyo ndiyo itengenezwe kwanza. Mistari ya vitu inaweza kungoja.

Utajua umefanikiwa mistari ya watu ikiwa haina wekundu, na mistari ya vitu isiyowezekana ikiwa haizidi mmoja.

## Hatua ya 4: Uongo mmoja tu, na ulipiwe mlangoni

Mmoja, kwa sababu wa pili humfanya msomaji aukumbuke wa kwanza.

Na ulipiwe mlangoni, yaani msomaji aonyeshwe mapema kwamba nyumba hii ina vitu vya namna hiyo. Doyle hakumtoa nyoka mfukoni ukurasa wa mwisho. Tunaambiwa mapema kwamba Roylott aliishi India, na kwamba duma na nyani kutoka huko wanarandaranda kwenye uwanja wake huku wanakijiji wakiwaogopa. Tukiwa tumeshawakubali duma na nyani katika mashamba ya Uingereza, nyoka anatukuta mlango uko wazi.

Kama jibu lako linahitaji mtu awezaye kuiga sauti, basi aige sauti ya mwalimu mkuu sura ya pili, watu wacheke, na hadithi iendelee. Ukimleta mwigaji wa sauti sura ya kumi na nne, umeiba.

Tahadhari: Pacha asiyejulikana, sumu isiyojulikana na njia ya chini kwa chini isiyojulikana, vyote vitatu vilishapigwa marufuku na Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, katika kanuni zake kumi za uandishi huo za mwaka 1929. Njia ya siri aliiruhusu moja tu. Pacha aliruhusiwa iwapo tu msomaji ameandaliwa. Kanuni kadhaa za Knox zimechakaa, hizo hazijachakaa.

## Hatua ya 5: Muuaji awe na sababu ya kujisumbua

Hapa ndipo chumba kilichofungwa kwa ndani huwafia waandishi wengi. Muswada unanieleza kwa ustadi *jinsi* mlango ulivyofungwa. Nauliza: *kwa nini* aliufunga? Kimya.

Fikiria kama muuaji. Kuna barabara zenye giza, kuna bahari, kuna visima. Mtu anayetaka mwenzake afe hana haja ya kamba, barafu na saa ya mezani. Raymond Chandler, mwandishi wa upelelezi wa Marekani, aliwapiga waandishi wa Uingereza kwa fimbo hiyo katika makala yake ya Desemba 1944, akidai mauaji yarudishwe kwa watu wanaoua kwa sababu. Katika mengi alikuwa mkali kupita kiasi, lakini kwa hilo alisema kweli.

Sababu zinazosimama ni chache. Muuaji anataka kifo kionekane ajali au kujiua, na mlango uliofungwa ndio shahidi wake. Au anataka kuonekana alikuwa mahali pengine saa ile. Au hakukusudia ajabu yoyote: mpango uliharibika, na kilichobaki kikaonekana muujiza. Hii ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote na ndiyo isiyotumika sana. John Dickson Carr, bingwa wa milango iliyofungwa, aliitumia katika riwaya yake *The Hollow Man* ya mwaka 1935, na sitasema zaidi.

Rudi Tanga. Rajabu anafunga komeo kwa sababu bila komeo ngazi haina maana. Mlango ukiwa wazi, watu watauliza nani aliingia. Ukiwa umefungwa kwa ndani, watasema mzee alipanda kutafuta boksi, akateleza, innalillahi. Mlango unaifanyia kazi ngazi. Ukiondoa kimoja, kingine kinaanguka, na ndivyo inavyotakiwa.

Jaribio: Kamilisha sentensi hii kwa sauti: "Kama asingefanya hivi, angekamatwa kwa sababu..." Ukishindwa kuimaliza, futa hila hiyo hata kama unaipenda.

## Hatua ya 6: Ijaribu hila kwa mikono yako

R. Austin Freeman, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Dakta Thorndyke, alikuwa na desturi ya kuyafanya majaribio mwenyewe kabla ya kuyaandika. Agatha Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali mjini Torquay wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo maana sumu katika kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1920, ilisifiwa na jarida la wafamasia wenyewe.

Wengi hudhani jaribio ni la kuhakikisha hila inafanya kazi. Faida yake kubwa ni nyingine: jaribio hukupa vidokezo ambavyo kichwa chako kisingeviwaza.

Nilipokuwa natunga mfano huu, nilikwenda kwenye mlango wa jiko langu wenye komeo la chuma la kusukuma. Nilizungusha uzi wa kushonea kwenye kile kishikio cha komeo, nikapitisha ncha zote mbili kwenye mwanya wa kati ya mlango na fremu, nikatoka nje, nikafunga mlango na kuvuta. Uzi ukakatika. Nikaukunja mara mbili, ukakatika tena. Nikachukua mshipi. Huo haukukatika, lakini komeo lilikwama katikati. Nikarudi ndani nikalipaka mafuta ya kupikia kwa kidole. Safari hiyo likateleza hadi mwisho, likagonga "tak" lililosikika hadi uani. Nikaachia ncha moja, nikavuta nyingine, mshipi ukatoka wote.

Ukiacha majaribio yaliyoshindwa, kazi ilinichukua karibu dakika sita. Katika rasimu yangu Rajabu alikuwa na dakika mbili.

Kisha nikafungua mlango na kutazama. Ukingoni mwa fremu, mshipi ulikuwa umekata rangi: mfereji mwembamba kama wa wembe, mbao mpya ikionekana chini yake. Na komeo lilikuwa linang'aa mafuta, wakati bawaba zote zina kutu.

Hebu tazama nilichopata bure. Alama kwenye rangi. Mafuta kwenye komeo la stoo isiyo na jiko. Mlio ambao mlinzi wa duka la jirani anaweza kuwa aliusikia. Na dakika nne za ziada ambazo Rajabu lazima azieleze. Hakuna hata kimoja ambacho ningekitunga nikiwa nimekaa.

Tahadhari: Sumu, umeme, moto na silaha usivijaribu. Huko soma, uliza daktari au fundi, na andika kidogo. Msomaji hahitaji kipimo cha sumu, anahitaji kujua nani aliweza kuifikia chupa.

## Hatua ya 7: Iweke hila katika nyumba ya kwetu

Hila nyingi tunazozipenda zilitungwa kwa nyumba za Kiingereza zenye kuta nene, dari, zulia na watumishi wa ngazi ya chini. Ukiihamisha hila bila kuihamisha nyumba, itakuumbua.

Nyumba nyingi za vyumba sita uswahilini hazina dari. Ukuta unaishia kabla ya bati, na sauti ya mtu anayekohoa chumba cha kwanza inasikika cha mwisho. Chumba cha namna hiyo hakifungiki kwa ndani kwa maana ya fumbo, maana kijana mwepesi anaupanda ukuta na kutokea upande wa pili. Kwa hiyo stoo ya Mzee Hamadi nimeipa dari ya mbao, na nimemtaja fundi aliyeiweka baada ya wizi wa mwaka uliopita.

Kuna lingine zito zaidi. Katika familia ya Kiislamu maiti huoshwa na watu kwa mikono yao, mara nyingi ndani ya saa chache, kabla mpelelezi hajafika. Nimesoma muswada ambamo jeraha la kisu "halikugunduliwa" mpaka wiki ya pili. Waosha maiti walikuwa vipofu? Jambo hili ambalo lingeweza kuiua hadithi linaweza kuiokoa: muosha maiti wangu ni mzee mpole aliyeona majeraha *mawili* kichwani, naye hajasema kwa sababu amefundishwa kwamba aibu ya maiti haitangazwi. Mtu anayeanguka kutoka kwenye ngazi kwa kawaida hugonga kichwa mara moja. Mzee huyu atakaposema, na kwa nini atasema, ni sura nzima, tena nadhani ndiyo bora kuliko zote.

Chora ramani sasa. Tia milango, madirisha, kisima, barazani wanapokaa wacheza bao. Weka saa pembeni ya kila mtu. Tembea njia ya muuaji ukiwa umeshika simu inayohesabu.

## Hatua ya 8: Panda vidokezo pale ambapo msomaji anatazama kitu kingine

Soma tena "Silver Blaze". Farasi wa mashindano ametoweka usiku, mwalimu wake amekutwa amekufa. Kidokezo maarufu ni mbwa wa zizini aliyenyamaza: hakubweka, kwa hiyo aliyeingia alikuwa mtu anayemfahamu.

Lakini mimi napenda zaidi kidokezo cha mchuzi. Kijana aliyekuwa zamu alilishwa kasumba ya unga ndani ya chakula. Ladha yake inajitambulisha mdomoni, isipokuwa chakula kiwe na viungo vikali. Usiku ule kilipikwa kitoweo cha kondoo chenye bizari. Mgeni anayeshukiwa hakuwa na uwezo wa kuamua nyumba ile ipike nini, kwa hiyo aliyeamua ni mtu wa ndani. Yeyote aliyewahi kuficha kidonge cha mtoto ndani ya chakula anaelewa papo hapo.

Doyle alikiri baadaye kwamba sheria za mashindano ya farasi katika hadithi hiyo alizikosea vibaya, kiasi kwamba nusu ya wahusika wangestahili kufungwa. Wajuzi wa farasi walimsema. Hadithi ikaendelea kupendwa, kwa sababu fumbo linasimama juu ya mbwa na mchuzi, na hivyo viwili ni vya kweli.

Fanya hivi: Kila kidokezo kikuu kitokee mara mbili kabla ya jibu. Mara ya kwanza kikiwa na kazi nyingine. Mara ya pili kikiwa pembeni ya tukio kubwa zaidi.

Miwani ya Mzee Hamadi, kwa mfano. Sura ya kwanza anaivaa ili asome maandishi ya boksi la sabuni, na mteja anamtania kwamba bila miwani angeuza chumvi kama sukari. Sura ya tatu mjane anakabidhiwa vitu vya marehemu, analia, na katikati ya kilio miwani inatolewa ndani ya kasha lake, kutoka mfuko wa koti. Msomaji anamtazama mjane. Miwani imepita. Lakini mzee aliyepanda ngazi kutafuta boksi angekuwa ameivaa.

Tahadhari: Kidokezo kisichotajwa hata mara moja kabla ya ufichuzi ni deni ambalo huwezi kulilipa. Kilichotajwa mara nne ni kengele.

## Hatua ya 9: Andika sura ya ufichuzi, kisha ikate

Iandike kwa uhuru. Halafu chukua kalamu ya pili, na pembeni ya kila sentensi ya maelezo andika namba ya ukurasa ambapo jambo hilo lilionekana. Sentensi isiyo na namba ina njia mbili: rudi ukaipande, au ifute.

Anza ufichuzi na jambo dogo la mtu, malizia na la mtambo. Mpelelezi wangu ataanza na miwani mfukoni, aende kwenye majeraha mawili, kisha daftari la madeni, na mwisho kabisa mshipi. Ukianza na mshipi, msomaji atakaa akikagua fundo badala ya kumwangalia Rajabu. Akiwa ameshasadiki kwamba Rajabu ameua, mshipi atauchukua kwa sentensi tatu.

Knox alikataza pia chombo kinachohitaji maelezo marefu ya kisayansi mwishoni. Kipimo changu ni aya moja. Ikihitaji mbili, sehemu ya maelezo ihamie sura za mwanzo, isemwe na mhusika anayeisema kwa sababu zake mwenyewe. Rajabu ni mvuvi wa Jumapili. Sura ya pili anamfundisha mtoto wa jirani jinsi ya kuzungusha mshipi ili uachie kwa kuvuta ncha moja.

Utajua umefanikiwa sura ikibaki nusu ya ulivyoiandika, bila swali lolote kubaki wazi.

## Hatua ya 10: Mpe msomaji wako, bila sura ya mwisho

Mpe muswada wote isipokuwa ufichuzi. Akimaliza, muulize matatu, na usimsaidie:

1. Unamshuku nani, na kwa nini?
2. Ni wapi uliposimama ukasema "hii haiwezi kuwa"?
3. Kuna mtu aliyefanya jambo ambalo mtu wa namna yake asingelifanya?

Swali la pili na la tatu ndiyo dhahabu. Akitaja mlango, komeo au mshipi, pumua, rudi hatua ya sita urekebishe kidogo. Akitaja mtu, akasema mathalani kwamba mjane asingekaa siku tatu bila kuuliza kuhusu daftari, usibishane naye. Rudi hatua ya tatu, na uwe tayari kuandika upya sura nzima.

Kisha mpe sura ya mwisho, ukae karibu wakati anasoma. Usimtazame uso, tazama mikono yake. Akifika kwenye miwani na vidole vyake vikaanza kurudisha kurasa nyuma, kuitafuta sura ya tatu, muswada uko tayari kutoka nyumbani.